Shibiri Mbili za Ukuta

Ukuta wangu ulianguka usiku, katika zile mvua za El Niño za Novemba 2023, ukaliangukia banda la kuku la jirani yangu, Mwalimu. Sikuusikia ukianguka. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hivi kwamba ndani ya nyumba tulikuwa tukisemezana kwa ishara. Nilichokisikia ni sauti ya Mwalimu akiita jina la marehemu baba, kama alivyozoea kumwita pale pale mpakani miaka nenda miaka rudi. Kisha akakumbuka, akaita langu.

Nilitoka na taa ya simu. Futi ishirini za mawe zilikuwa chini. Maji yaliyokuwa yamejaa uani kwangu hadi magotini yalikuwa yakimiminika kwake kama mto, yakipita juu ya mabati ya banda yaliyojikunja. Kuku saba walikufa. Mkewe Mwalimu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kanga kichwani, hasemi neno. Kimya chake kile kiliniuma kuliko hasara.

Naandika haya kwa sababu kila wiki dukani kwangu, ninaposhona mabuibui, nasikia watu wakigombana juu ya mipaka: Mtopanga, Mwandoni, Likoni, Mikindani, kote. Na karibu kila mmoja anaanzia pale nilipoanzia mimi, kwa kuagiza mawe.

Tuko Kisauni, Mombasa, mahali ambapo ardhi inateremka polepole kuelekea upande wa mkono wa bahari. Kiwanja chetu kiko juu kidogo, cha Mwalimu kiko chini. Baba na yeye walijenga mwaka mmoja. Kati yao palikuwa na ua wa makuti ya kumba: boriti za mikoko zimechimbiwa, fito zimelazwa, makuti yamefungwa kwa kamba za makumbi. Ua wa namna ile haukai. Mchwa unaula kwa chini, jua na chumvi ya bahari vinaumaliza kwa juu, na mbuzi nao wana sehemu yao. Kwa hiyo kila mwaka, mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaingia, baba na Mwalimu walikuwa wakikutana Jumamosi moja kuufunga upya. Baba alinunua makuti, Mwalimu alileta boriti na fito, sisi watoto tulishikilia kamba, na Bi Mkubwa na mama walipika pilau moja tukala pamoja. Hapakuwa na karatasi yoyote. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni sherehe, na sikujua kuwa palikuwa na makubaliano pale.

Baba alifariki 2014. Miaka miwili baadaye wezi waliingia uani kwangu mara mbili, mara ya pili wakabeba bomba la tangi na nguo za wateja zilizokuwa kambani. Nikaamua kujenga ukuta wa mawe. Pesa zilikuwa zangu, nilizikusanya kwa cherehani, na nilijiona nafanya jambo la heri: sitamchangisha mzee wa pensheni, nitajenga mwenyewe, na yeye atapata stara bure. Nilimwambia asubuhi ile ile lori la mawe lilipofika kutoka timbo.

Alikuja na fimbo yake, akatazama fundi anavyovuta uzi, akasema, "Mwanangu, uzi huo umeufuata ua. Ua ulikuwa ukikwepa mwarobaini."

Kulikuwa na kisiki cha mwarobaini pale katikati, uliokatwa zamani. Sikuona uzito wa maneno yake. Nilimjibu kwa adabu kwamba ua ndio mpaka tuliouzoea, na fundi analipwa kwa siku. Akanyamaza. Nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali, na hilo ni kosa la kwanza. Mzee wa heshima akinyamaza mbele ya mtoto wa rafiki yake aliyefariki, huenda ana aibu ya kubishana naye mbele ya mafundi.

Kosa la pili nalitaja kwa uchungu zaidi. Ukuta ulipokauka, Mwalimu aliniomba aingize boriti mbili kwenye mawe upande wake, ashikize paa la banda. Nikakataa. Nilimwambia fundi amesema zitadhoofisha ukuta. Fundi hakusema hivyo. Sikutaka tu mtu aguse kitu nilichokilipia peke yangu. Akachimbia nguzo zake mwenyewe, banda likasimama shibiri moja kutoka ukutani, na pale katikati pakawa mahali pa takataka na panya ambapo hapana mkono unaofika kusafisha.

Tangu siku hiyo, kwa miaka saba, hatukukutana mpakani hata mara moja. Tulisalimiana njiani, tulipelekeana sahani Ramadhani, tulizikana. Lakini ile Jumamosi ya makuti ilikuwa imekufa, na mimi ndiye niliyeiua bila kujua. Ukuta wa mawe haukuoza kila mwaka, kwa hiyo haukutuita. Ufa ulianza kuonekana 2020 karibu na kisiki, mwembamba kama uzi. Mimi niliuona kwa upande wangu, yeye aliuona kwa wake, na kila mmoja alidhani ni juu ya mwenzake kusema.

Asubuhi baada ya kuanguka alikuja mwashi mwingine, mzee wa kazi, akapiga magoti kwenye matope. Alichomeka sururu chini ya sehemu iliyobaki imesimama, ikaingia kwenye mchanga bila kugonga kitu. Msingi ulikuwa futi moja tu. Kisha akaniuliza, "Dada, maji yanapita wapi?" Sikuwa na jibu. Futi sitini na mbili za ukuta, kutoka barabarani hadi nyuma, na hapakuwa na tundu hata moja. Mvua yote ya uwanja wangu na ya jirani wa juu yangu ilikuwa ikija kusimama pale, ikisukuma mawe na kuchota mchanga chini yake. Mizizi ya mwarobaini ilipooza iliacha pango, na hapo ndipo ukuta ulipovunjikia. "Mvua haina kosa," alisema, "maji yalinyimwa njia."

Watoto wa Mwalimu walitaka nilipe kila kitu. Kaka yangu mdogo naye akanipigia simu kutoka Nairobi akisema niende mahakamani kwanza kabla hawajaenda wao. Wiki mbili zile zilikuwa mbaya. Bi Mkubwa aliacha kuniitikia. Aliyetutuliza ni imamu wa msikiti wetu, aliyetuita barazani kwake baada ya Alasiri, mimi na Mwalimu tu, bila watoto. Hakutuhubiria. Alitukumbusha maneno mawili ya Mtume, rehema na amani zimfikie. La kwanza, lililopokewa na Abu Huraira, kwamba mtu asimzuie jirani yake kuingiza mti kwenye ukuta wake. La pili, kwamba anayechukua shibiri ya ardhi kwa dhuluma atavikwa shingoni siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Wanazuoni wamehitilafiana kama hilo la mti ni wajibu au ni hisani, alisema, lakini la shibiri halina khitilafu. Niliinamisha uso. Alikuwa hajui habari ya boriti zile mbili. Mwalimu hakuwa amemwambia mtu.

Tukakubaliana tutafute mpima ardhi, gharama nusu kwa nusu, na yeyote atakayeonekana kavuka atarudi bila maneno. Hilo la kukubali matokeo kabla ya kupima ndilo lililotuokoa, na lilitoka kwa Mwalimu.

Mpima alikuja na ramani ya kiwanja na chombo chake kwenye miguu mitatu. Bikoni ya barabarani, yaani alama ya pembe ya kiwanja, ilionekana mara moja. Ya nyuma ilituchukua karibu saa tatu. Vijana walichimba penye jaa la zamani la vifuu vya nazi, na mwishowe chuma kikalia: kipande cha pini ndani ya zege, kimeota kutu mpaka kimevimba. Akavuta uzi kati ya bikoni mbili. Kwenye pembe zote mbili ukuta wangu ulikuwa sawa. Katikati, penye kisiki, ulikuwa umeingia kwa Mwalimu inchi kumi na nane. Mwalimu hakutumia futikamba. Aliweka kiganja chake pale chini, akakinyoosha kutoka kidole gumba hadi cha mwisho, akakiweka tena. Shibiri mbili. Halafu akasimama akaniambia, "Baba yako na mimi tuliupinda ua sisi wenyewe kuupisha mti. Wewe hukuiba, ulirithi pindo letu."

Mpima ndiye aliyetueleza sheria, na nitaitaja kwa sababu watu wengi hupoteza pesa hapa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mahakama haisikilizi ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza mpaka wenyewe uwe umebainishwa kwa njia ya sheria hiyo, na anayepelekewa ombi hilo ni msajili wa ardhi, ambaye huwaita majirani wa pande zote. Kwa hiyo ningekwenda mahakamani kama alivyotaka kaka yangu, ningerudishwa. Kifungu cha 20 kinamtaka kila mwenye ardhi atunze ua, kuta, mawe na bikoni za mpaka wake. Na kung'oa au kuharibu bikoni ni kosa la jinai. Chifu na mzee wa mtaa wanaweza kuwapatanisha na kushuhudia, lakini hawana mamlaka ya kusema mpaka unapita wapi.

Kuna wenzetu ambao haya hayawafiki moja kwa moja. Shangazi yangu yuko Majengo kwenye nyumba bila ardhi: kuta ni zake, lakini kiwanja ni cha mwenyewe na anakilipia kodi. Mtu wa namna hiyo akipatana na jirani kuhusu ukuta bila mwenye ardhi kuwepo, anajenga juu ya idhini ambayo si yake kuitoa. Shangazi alilazimika kubomoa.

Baada ya mpaka kujulikana, mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Tulikaa vikao vinne kwenye baraza ya Mwalimu, Desemba na Januari, na safari hii Bi Mkubwa na mama yangu walikuwepo. Bila wao tungesahau nusu ya mambo.

Kimo ndicho kilichotuchukua muda mrefu. Mimi nilitaka futi nane kwa ajili ya wezi. Mwalimu alisema futi nane zitamnyima upepo, na yeye ndiye aliye chini. Ni kweli. Kaskazi inapovuma Januari, joto la Mombasa linavumilika kwa sababu ya ule upepo wa mchana, na chumba chake cha kulala kinautegemea. Mama naye alisema ukiwa mfupi, watoto wa ghorofa ya nyuma watamwona akioga. Fundi ndiye aliyetoa jawabu: mawe mazima hadi futi tano na nusu, kisha juu yake mistari miwili ya bloku zenye matundu, zilizopangwa kwa mshazari ili upepo upite na jicho lisipite. Alituwekea mbili juu ya ndoo, mama akachungulia kutoka pande zote, akaridhika.

Kisha nguzo. Ukuta mrefu unahitaji nguzo kila futi kumi hivi, na nguzo zinatokeza. Zitokeze upande wa nani? Ukiona jambo dogo, subiri uone watu wazima wakilizungumza kwa saa nzima. Tuliamua ziwe kwa zamu, moja kwangu, moja kwake. Ukuta wenyewe ni inchi tisa, na uzi wa mpima unapita katikati yake, inchi nne na nusu kila upande, na msingi vivyo hivyo.

Maji yalipata ibara yake peke yake. Mabomba ya plastiki ya inchi tatu kila futi sita, usawa wa ardhi, na mimi nikakubali kuchimba mfereji wa kokoto upande wangu ili maji yasimfikie kwa kishindo. Yeye akakubali kuyapokea na kuyaongoza mpaka mtaroni. Na kila mmoja aliahidi kutoziba mabomba kwa matofali, mchanga wala maua. Hili la maua lilikuwa la mama yangu, anayependa kupanda asumini mahali popote palipo na unyevu.

Mnazi wa Mwalimu umeinamia kwangu. Tuliandika kwamba mkwezi ataitwa kila miezi mitatu, kwamba Mwalimu ndiye atakayemlipa, na nazi zitakazoanguka kwangu zenyewe ni zangu. Na banda la kuku: safari hii boriti zimo ndani ya ukuta. Niliomba mimi mwenyewe ziandikwe, na niliomba niwepo fundi anapoziingiza.

Gharama za ujenzi zilikuwa nusu kwa nusu, ila kuondoa kifusi na kulipa kuku na banda kulikuwa juu yangu, kwa sababu ukuta wa kwanza ulikuwa wangu peke yangu. Mawe 140 ya zamani yalikuwa mazima, tukayatumia. Mwalimu hakuweza kutoa nusu yake kwa mpigo mmoja. Tukaandika awamu nne, na tarehe zake, na tukaandika pia kwamba akichelewa nitamwambia yeye kwanza kabla ya kumwambia mwanawe yeyote. Alichelewa mara moja. Nilimwambia yeye.

Na Bi Mkubwa akataka mlango. Sote tulimtazama. Akasema wanawake wa Mji wa Kale walikuwa na wikio za kupitia nyumba kwa nyumba bila kutoka barabarani, na yeye na mama yangu walikuwa wakipita kwenye pengo la makuti miaka thelathini, na hawezi tena kuzunguka mpaka barabarani kwa magoti yake. Basi kukawekwa mlango mdogo wa mbao upande wa nyuma, wenye komeo pande zote mbili, ili usifunguke mpaka wote wawili wakubali.

Yote haya yako kwenye karatasi tatu za fuluskepu, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa Mwalimu ambao ni mzuri kuliko chapa. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema alipokuwa akipiga mstari wa pambizo. Imamu na mzee wa mtaa walishuhudia, nakala moja kwake, moja kwangu, na tuliambatisha mchoro wa mpima. Tulimpelekea wakili auangalie. Alituongezea jambo moja ambalo hatukulifikiria: karatasi ile inatufunga sisi tuliotia sahihi, kwa hiyo mmoja wetu akiuza, amwonyeshe mnunuzi kabla ya kupokea pesa, na mnunuzi atie sahihi yake na jirani anayebaki. Tuliandika hilo pia. Kibali cha kaunti tulikiomba kwa majina yetu wawili.

Tulichimba Februari 2024, mchanga ukiwa mkavu, tukateremka futi mbili na nusu hadi penye mwamba wa matumbawe. Fundi alikataa lori la mchanga lililokuja limechotwa ufukweni, kwa sababu chumvi yake ingekula vyuma vya nguzo ndani kwa ndani. Ilitugharimu siku mbili kusubiri lingine, na ninamshukuru. Tulimaliza siku chache kabla ya Ramadhani kuandama.

Lakini ibara ninayoipenda ni ya mwisho, na haihusu ujenzi. Inasema kwamba kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Machi, wenye ukuta watautembea pamoja pande zote mbili. Kuna kibubu kwa Bi Mkubwa, kila nyumba inatia shilingi 300 kwa mwezi, na siku hiyo kinavunjwa. Zinalipwa chokaa, simiti ya kuziba nyufa, na kama zikibaki, mchele.

Mwaka huu Mwalimu macho yamemwia mazito. Mjukuu wake wa darasa la sita alishika karatasi akasoma ibara moja moja kwa sauti, nasi tukafuata: mabomba, nguzo, boriti, mnazi. Kwenye nguzo ya tatu Mwalimu aligonga kwa fimbo, akasimama, akagonga tena. Akaniita nisikilize. Plasta ilikuwa imeachana na jiwe, ukubwa wa sahani, na hakuna aliyekuwa ameuona. Kijana alitia alama kwa kipande cha mkaa. Komeo la upande wa pili likavutwa, mlango mdogo ukafunguka, na Bi Mkubwa akaingia na kibubu kifuani, akiuliza kama fundi ameshapigiwa simu, kwa sababu pilau iko motoni.